Queen II kutoka mkiani hadi kileleni: nyimbo 11 za mtoto wa Mji Mkongwe zapimwa Isongole

Mtanzania wa kawaida anajua mambo mawili kuhusu Freddie Mercury: kwamba alizaliwa Unguja, na kwamba aliimba ule wimbo mrefu wenye vipande vya opera. La kwanza tunalitamba kila tukikutana na mgeni. La pili tunalijua kwa kulisikia kwenye filamu na matangazo. Kati ya hayo mawili kuna pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo imekaa albamu ambayo usipoisikia, Freddie unamjua kwa picha tu: Queen II, ya bendi yake Queen, iliyotoka Uingereza tarehe 8 Machi 1974.

Kwa waliochelewa, wasifu wa haraka. Jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Tarehe ya kuzaliwa 5 Septemba 1946, mjini Zanzibar, familia ya Kiparsi, baba mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Shule ya bweni Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Huko kijana akasoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akajibandika jina la sayari, akaanza kupaka kucha rangi nyeusi na kutembea jukwaani kana kwamba kuna mtu amembebea mkia wa joho nyuma.

Santuri yenyewe haina upande A wala B. Ina Upande Mweupe, karibu wote umeandikwa na mpiga gitaa Brian May, na Upande Mweusi, wote umeandikwa na Freddie. Si hadithi moja yenye mwanzo, kati na mwisho. Ni dunia moja yenye pande mbili zinazotazamana: huku malkia mweupe, kule malkia mweusi, katikati baba, mama, mazimwi na vibwengo. Ni watani wa jadi waliobanwa kwenye plastiki moja, kama Simba na Yanga, na leo mwamuzi ni mimi.

Jambo moja la kuwashitua watu wa mkoa wa Songwe: nyimbo hizi zilirekodiwa Agosti 1973, kwenye studio za Trident katikati ya London. Mwezi huohuo reli ya TAZARA ilikuwa inafika Tunduma. Huku watu wanatandika mataruma, kule wanatandika sauti. Zote mbili zimebeba mizigo mizito mpaka leo, ingawa moja huchelewa zaidi ya nyingine.

Hesabu hii ya nyimbo nimeifanyia Isongole, wilaya ya Ileje, humohumo mkoani Songwe, kwenye kibanda cha shemeji yangu. Anachaji simu, anauza vocha na kufufua redio zilizokata tamaa, pembeni ya barabara iendayo mpakani, ng'ambo Chitipa, Malawi. Spika yake kubwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na bado inanguruma. Shemeji ni shabiki wa bendi za Msondo na Sikinde, wala hafichi. Kanuni ni rahisi: mimi napanga, yeye anapinga. Twende.

11. The Loser in the End

Mwandishi na mwimbaji ni Roger Taylor, mpiga drams, aliyekuja London kusomea udaktari wa meno akaishia kuwaumiza watu masikio. Ni wimbo pekee wa Upande Mweupe ambao Brian May hakuuandika, na hilo unaligundua ndani ya sekunde chache tu. Wenzake wanazungumza habari za malkia na wafalme. Yeye anazungumza habari za mama aliyeachwa baada ya kijana kuhama nyumbani. Drams zimerekodiwa kwa ubabe, kila pigo linafika tumboni. Shida ni kwamba wimbo umeingia kwenye albamu hii bila kuuliza humo ndani kuna sherehe gani.

"Mama hawezi kuwa wa mwisho," shemeji akaanza kesi mapema.

Mama si wa mwisho, shemeji. Wimbo ndio wa mwisho.

10. Some Day One Day

Brian May anaimba mwenyewe, kwa mara ya kwanza kama sauti kuu ndani ya albamu ya Queen. Sauti yake ni ya mtu anayeomba kupita katikati ya watu bila kumkanyaga yeyote. Gitaa la kawaida, lisilo la umeme, linatangulia. Mwishoni magitaa ya umeme yanaingia kwa pamoja, kila moja na njia yake, na bado hayagongani. Hicho kipande cha mwisho ndicho kilichouokoa usiwe wa 11.

Wakati unapigwa, shemeji alihudumia wateja wake mpaka wakaisha. Hakuna aliyeuliza wimbo unaitwaje.

9. Funny How Love Is

Wa kwanza kutoka Upande Mweusi, na mtanishangaa kwa nini wimbo wa Freddie uko chini hivi. Sababu ni kwamba unakuja mara tu baada ya wimbo mkubwa kuliko zote humu ndani, bila hata pumzi kati yao, na hakuna anayependa kupanda jukwaani baada ya mfalme kushuka. Ulitengenezwa na Robin Geoffrey Cable kwa mtindo wa Mmarekani Phil Spector: rundika sauti juu ya sauti hadi ziwe ukuta. Freddie anaimba juu kabisa tangu mwanzo na hashuki.

Cable ndiye aliyekuwa amemwita Freddie kurekodi wimbo mwingine wa mtindo huo, uliotoka 1973 kwa jina la kubuni la msanii: Larry Lurex. Ndiyo. Mtoto wa Bulsara, ambaye tayari alikuwa Mercury, kwa muda mfupi alikuwa pia Larry.

"Huyu mtu alikuwa anakwepa kodi?" shemeji akauliza. Anakaa jirani na forodha. Maswali yake hayakwepeki.

8. Procession

Mlango wa albamu. Hauna maneno, hauna mwimbaji, unazidi dakika moja kwa sekunde chache. Ni maandamano ya taratibu: ngoma kubwa inagonga kama moyo, na juu yake magitaa yamepangwa mpaka unaapa kuna tarumbeta. Hakuna tarumbeta. Hakuna hata kinanda cha umeme. Kwenye jalada waliandika kwa makusudi kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza.

Hapa shemeji alizima pasi ya kulehemu akasogeza kiti. Maana gitaa hilo Brian May alilitengeneza na baba yake nyumbani, kuanzia 1963. Shingo yake ni mbao ya meko ya kale. Springi zake zilitoka kwenye valvu za pikipiki. Alama za shingoni ni vifungo vya nguo. Na kikuza sauti kidogo kinachotoa ile sauti ya tarumbeta kilitengenezwa na mpiga besi, John Deacon, msomi wa elektroniki, kutokana na saketi aliyoiokota kwenye takataka.

"Kumbe hawa ni mafundi wenzangu!" Tangu dakika hiyo shemeji akaacha kuwaita "hao Wazungu wako".

Angekuwa mwamuzi yeye, wimbo huu ungekuwa wa kwanza. Lakini mlango hata uwe wa mninga, hulali mlangoni.

7. Father to Son

Baba anazungumza na mwanawe, Freddie akiwa mdomo wa baba, kwa dakika zaidi ya sita. Unaanza kwa heshima, unapasuka katikati kwa gitaa zito kuliko lolote la Upande Mweupe, kisha unafunga kwa kwaya ya kuimbwa na umati uliosimama.

Aliyeuandika ni Brian May, na ukijua ya kwake unasikia zaidi. Baba yule aliyemsaidia kutengeneza gitaa hakufurahi kumwona kijana anaiacha shahada ya uzamivu ya fizikia ya anga kwa sababu ya gitaa hilohilo. Mzee amekupa panga, kisha anashangaa umekata kuni. Ya kustaajabisha ni kwamba Brian alirudi darasani, akaikamilisha shahada hiyo katika Imperial College mwaka 2007, akiwa na miaka 60.

Shemeji akamtumia mwanawe ujumbe palepale: "Rudi chuo." Kijana hajaacha chuo. Yuko kidato cha tatu.

Mapumziko: kwa wanaosema roki si ya kwetu

Hapa kijana mmoja aliyeleta simu yake ichajiwe alitikisa kichwa: haya ni makelele ya ng'ambo, hayatuhusu. Kijana, ng'ambo ipi? Nenda Tunduma, vuka Nakonde, ushaingia Zambia. Miaka hiyohiyo ambayo Queen wanahangaika London, vijana wa migodi ya shaba wa Zambia walikuwa wanapiga roki yao wenyewe, iliyokuja kuitwa Zamrock. Bendi ya WITCH ilikuwa na mwimbaji Emanuel Chanda, maarufu kwa jina la Jagari, alilolitohoa kwa Mick Jagger. Paul Ngozi alipiga gitaa kwa meno. Amanaz walitoa albamu yao Africa mwaka 1975. Kwa hiyo kutoka kibanda hiki, roki nzito ya Kiafrika ya mwaka 1974 ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam.

Kijana aliondoka na simu yake ikiwa na asilimia arobaini. Tuendelee.

6. Seven Seas of Rhye

Najua. Weka jiwe chini.

Huu ndio wimbo uliowaokoa. Februari 1974 televisheni ya BBC ilikuwa na nafasi wazi kwenye kipindi cha Top of the Pops, kwa kuwa filamu ya wimbo mpya wa David Bowie haikuwa tayari. Queen wakaitwa haraka, wakaonekana tarehe 21 Februari, na wimbo ukatolewa sokoni mbio mbio. Ukapanda hadi namba 10 Uingereza, wa kwanza wao kufika popote, ukaivuta albamu nzima hadi namba 5. Husimuliwa kwamba Freddie hakuwa na televisheni, akakimbilia dukani kujitazama kupitia kioo cha dirisha. Kichekesho ni kwamba Zanzibar aliyoiacha ilijipatia televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, wakati sisi wa bara tulingoja hadi 1994. Angebaki kwao Unguja, angejitazama bila kusukumana na wapita njia.

Rhye ni nchi ya kubuni, aliyoicheza kichwani na dada yake Kashmira tangu utotoni. Piano inaanza kwa vidole vinavyokimbia, gitaa linaingia kwa kishindo, na kwa dakika chini ya tatu Freddie anatawala bahari zote saba. Mwisho kabisa unasikia watu wanaimba kwa ulevi wimbo wa zamani wa Waingereza wa kwenda ufukweni. Yaani opera nzima ya giza imefungwa kwa kelele za baa. Huo ndio utani wa Freddie: anakutisha, kisha anakukonyeza.

Sasa kwa nini wa sita? Kwa sababu kwenye albamu hii wimbo uliouza zaidi ndio uliothubutu kidogo zaidi.

"Namba 10 Uingereza, namba 6 Isongole," shemeji akasema. "Mwaka huu amepanda."

5. Nevermore

Dakika moja na ushee. Freddie, piano, kwaya ya Freddie nyuma ya Freddie, basi. Ni huzuni ya mtu aliyeachwa, isiyo na zimwi wala malkia. Umewekwa katikati ya vurugu ya Upande Mweusi, na bila huo sikio lingechoka kabla ya kufika kileleni. Waandishi wengi wa albamu kubwa kubwa husahau kumpa msikilizaji mahali pa kukaa. Freddie hakusahau.

Shemeji aliomba urudiwe. Nikamwambia umekwisha. Akasema ndiyo maana anaomba urudiwe.

4. White Queen (As It Began)

Kilele cha Upande Mweupe, na sitaki ubishi. Brian May aliuanza akiwa mwanafunzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, kichwani akiwa na kitabu cha Robert Graves kuhusu mungu mke mweupe, na machoni akiwa na msichana wa chuoni ambaye hakuthubutu kumsemesha. Wengi wetu tumepitia hali hiyo; wachache tumeitoa ikiwa na magitaa sita.

Katikati wimbo unatulia, na inasikika sauti inayozizima mithili ya sitar ya Kihindi. Si sitar. Ni gitaa kuukuu la bei rahisi liitwalo Hallfredh, ambalo nyuzi zake zinagusa daraja na kuvuma. Kwa fundi mwingine ingekuwa hitilafu; hapa ni pambo. Juu yake Freddie anaimba kwa upole ambao watu wanaomjua kwa mikono hewani na fulana nyeupe ya mwaka 1985 hawaamini ni yeye.

"Kwa hiyo nikimrudishia mteja redio inavuma, nimwambie ni pambo?" Shemeji, wewe si Brian May. Tengeneza redio ya watu.

3. Ogre Battle

Mazimwi! Hatimaye jambo ambalo sisi tuliolelewa kwa ngano za bibi hatuhitaji kufafanuliwa. Upande Mweusi unaanza kwa mkanda unaopigwa kinyumenyume: mwisho wa wimbo wenyewe, umegeuzwa, unakuja kwako kwa kasi kama kitu kinachotoka shimoni. Halafu ghafla unanyooka na gitaa linaanza kukimbia. Freddie aliuandika kwa gitaa, si kwa piano, na ni miongoni mwa nyimbo nzito kuliko zote alizowahi kuandika. Zile sauti kali za juu zinazokata hewa ni za Roger Taylor, yule daktari wa meno mtarajiwa. Mwishoni upatu mkubwa unalia, pambano limekwisha.

Walikuwa nao tangu siku za albamu ya kwanza lakini waliusubirisha mpaka wapate muda na uhuru wa studio. Wangeuharakisha tungepata pambano la vijizimwi.

Hapa ndipo Freddie anapoanza kuonyesha alichokuwa anakitaka. Haimbi tu habari za vita. Anasimulia, anaigiza, anapaza, ananong'ona, anakuwa zimwi na anayelikimbia. Ukumbi wa maigizo umo ndani ya santuri.

Shemeji akatoa methali yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikamjibu hili halijui mtu. Akapunguza sauti kidogo, jirani ana mtoto mchanga.

2. The Fairy Feller's Master-Stroke

Dakika mbili na sekunde arobaini, na hakuna sehemu ya kupumulia. Chanzo chake ni mchoro. Richard Dadd alikuwa mchoraji Mwingereza aliyepatwa na ugonjwa wa akili, akamuua baba yake mwaka 1843, akafungiwa hospitali ya Bethlem. Humo ndani, kwa takriban miaka tisa kuanzia 1855, alichora picha moja ndogo, karibu nusu mita kwenda juu, iliyojaa viumbe wa kichawi wamejificha kwenye majani na njugu. Kibwengo mmoja ameinua shoka apasue njugu. Wote wanangoja pigo. Picha inatunzwa Tate, London. Freddie aliwapeleka wenzake wakaione, nao wakasimama mbele yake kama wanafunzi waliopelekwa ziara.

Kisha akafanya jambo ambalo ni mtu aliyesomea michoro tu angelithubutu: akaigeuza picha kuwa wimbo, kiumbe kwa kiumbe. Akapiga harpsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa, kikatoa mlio mkavu unaokimbia na kuruka. Sauti zinahama kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto. Unaposikiliza kwa spika mbili unageuza shingo kumtafuta nani kapita. Majina ya viumbe yanamwagika haraka kuliko unavyoweza kuwahesabu, sawa na jicho linavyopotea ndani ya mchoro wenyewe.

Kibanda kina spika moja. Ikabidi shemeji atoe redio ya mteja iliyokuwa inangoja mwenyewe, aiunge waya, aiweke upande wa pili wa meza. Kwa mara ya kwanza akanyamaza wimbo mzima. Ulipokwisha akasema, "Yule wa shoka hajapiga bado?"

Hajapiga, shemeji. Toka 1864.

1. The March of the Black Queen

Hapa hakuna kesi.

Zaidi ya dakika sita na nusu. Piano inaingia kwa utulivu wa kinafiki, magitaa yanaamka, na Malkia Mweusi anatokea: mkatili, mcheshi, mwenye majivuno, anayeamrisha na kubembeleza ndani ya sentensi moja. Kila unapodhani umeushika wimbo unabadilika. Kuna mahali piano inapiga mwendo mmoja na sauti zinakwenda mwendo mwingine, na kichwa hakijui kifuate kipi. Kuna pahala unatulia kabisa hadi unasikia Freddie anakaribia kunong'ona. Halafu unapaa tena, kwaya ya sauti zilezile chache zilizorekodiwa na kurudiwa hadi zikawa jeshi, kisha bila kusimama unatumbukia kwenye wimbo unaofuata. Queen hawakuwahi kuupiga mzima jukwaani. Walipiga vipande tu. Haukuwezekana kubebwa na watu wanne.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, mwishoni mwa 1975, Freddie alitoa Bohemian Rhapsody na dunia ikauliza kitu hiki kimetoka wapi. Kimetoka hapa. Kwaya iliyorundikwa, mageuzi ya ghafla, mhusika anayejitetea na kutamba, opera iliyovaa koti la ngozi: vyote vilijaribiwa kwanza kwenye Malkia Mweusi. Hata sura ile mnayoijua, nyuso nne zikielea gizani kwenye video ya Bohemian Rhapsody, ni jalada la Queen II limeamka. Picha hiyo aliipiga Mick Rock, akichota kwenye picha ya mwigizaji Marlene Dietrich ya filamu Shanghai Express ya 1932. Freddie amekingamanisha mikono kifuani, macho juu, akiwa na uhakika wa mtu ambaye bado hana wimbo hata mmoja kwenye chati.

Na uhakika huo aliuhitaji, maana wachambuzi wengi wa magazeti ya Uingereza waliiponda albamu ilipotoka. Waliona vipodozi, wakaona nguo za mbunifu Zandra Rhodes, wakaona kijana anayejifanya malkia, wakaamua hakuna muziki humo. Nusu karne baadaye wapondaji hatuwakumbuki majina.

Shemeji alikaa kimya, akawasha pasi yake ya kulehemu, kisha akatoa hukumu yake: "Huyu hakuwa anaimba. Huyu alikuwa anatawala." Nikamwuliza kama sasa anaweza kulinganishwa na Msondo. Akasema tusivunjiane heshima.

Matokeo

Kwa wanaopenda kujumlisha: tano bora zina nyimbo nne za Upande Mweusi na moja ya Upande Mweupe. Freddie kashinda mechi bila hata kumtegemea Seven Seas of Rhye, mshambuliaji wake maarufu. Hapo ndipo nilipotaka kufika. Sisi tunamdai Freddie kwa cheti cha kuzaliwa, na cheti hakiimbi. Tangu Novemba 2019 kuna makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe, na wageni wanapanga foleni kupiga picha mlangoni. Wengi wao wanazijua nyimbo hizi. Wenyeji tunajua mlango.

Nawaomba watangazaji wa redio zetu, kuanzia Tunduma hadi Unguja: ikifika 5 Septemba, msitupigie tena zile nyimbo mbili za kila mwaka. Pigeni Upande Mweusi wote, kuanzia Ogre Battle hadi Seven Seas of Rhye, kwa mpangilio wake, bila kuongea katikati. Ni dakika ishirini tu. Matangazo ya dawa za kienyeji yanaweza kusubiri.